Rangi Isiyotakiwa

Nyuzi themanini chini ya sifuri: friji letu hapa Umeå
linaishinda hata Januari,
na Januari ya huku jua hutoka kwa kuchelewa
likaaga kabla ya saa tisa, kama mgeni asiyependa chai.
Ndani wamelala wanaume mia tatu na kumi,
kila mmoja mrija, kila mrija kijiko cha plazma
kilichochotwa walipojiona wazima.
Miaka ikapita. Wengine tezi dume iliwageuka.
Wengine wanateleza na ski mpaka leo.
Kazi yangu ni kuyauliza maji hayo: mlijua?

Ninachotafuta ni kipande cha herufi ishirini na mbili.
Mikro-RNA: jina refu kuliko mwenyewe.
Hakijengi kitu. Humvizia mjumbe wa seli akimbiapo na barua
kikamwekea kidole mdomoni:
wewe, nyamaza.
Uvimbe ukianza kuota, wanyamazishaji hawa hubadilika idadi;
huyu huzidi, yule huadimika,
na baadhi huponyoka, wakaogelea damuni
wamejifunika vifuko vya mafuta, miaka isiwaoze.
Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Ila hapa msemaji ni yule yule aliyezoea kunyamazisha,
nami namtegea sikio.

Daktari Ingegerd hataki nitembee na neno "tiba".
Hata "ushahidi" hulifuta kwa kalamu ya kijani
akaandika juu yake: huenda.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
kwa hiyo tunahesabu vipande vitano kwa pamoja;
wenzetu wa Groningen wana vitano vyao,
na viwili tu ndivyo vinavyofanana na vyetu.
Huenda. Lakini kipimo tulicho nacho
hupiga yowe hata tezi ikivimba kwa uzee tu,
na mtu akadungwa sindano kumi na mbili za bure.

Mmoja wa wale mia tatu na kumi ni baba.
Sijui yupi; majina yalikatwa, zikabaki namba.
Torgny, dereva wa lori la magogo.
Alikuwa akisimama kando ya barabara ya Storuman,
akanipa mgongo kwenye theluji,
nami kwenye kiti cha abiria nikahesabu kwa sauti mpaka amalize.
Arobaini, nilipokuwa na miaka minane.
Nilipofika kumi na miwili: mia na sita.
"Baridi tu," alisema, akiwasha injini.
Mficha maradhi, tunaambiwa, kifo humuumbua;
lakini baba hakuficha.
Alinihesabisha.

Leo asubuhi mrija 0417 umeyeyuka na rangi ya waridi.
Hafifu, nzuri hata, kama wingu la saa nane.
Rangi hiyo haitakiwi: chembe nyekundu zilipasuka
siku ile ile ya kutoa damu, zikamwaga minong'ono yao
juu ya minong'ono ninayoitafuta.
Labda muuguzi alichelewa kuizungusha damu kwenye mashine.
Labda mwanamume mmoja, mkono wa shati bado umekunjwa,
alikuwa anamsimulia jinsi lori lilivyokwama Tärnaby siku tatu,
na hadithi ile haikuwa na breki.

Sheria ni sheria. Nikaandika: umeharibika, hauhesabiwi.
Nikaushika muda mrefu kuliko ilivyopasa,
kidole gumba kikafa ganzi,
kisha nikautia kwenye ndoo ya manjano.

0418 ni safi, rangi ya majani makavu.
Mashine ikaanza mizunguko yake, mwanga ukichelewa kutokea,
nami, mtu mzima, wenzangu wote wakinisikia:
moja, mbili, tatu,